Kibandiko Kilicho Chini ya Ruta

Fundi wa faiba akifika Section 58 au Kiamunyi, mitaa ya Nakuru, kazi yake huisha upesi. Huegemeza ngazi kwenye nguzo, huvuta waya mwembamba mweusi hadi dirishani, hutoboa ukuta, kisha huunganisha kisanduku cha plastiki na kungoja taa zake ziwake. Zikishawaka hukipindua kisanduku, naye mwenye nyumba hupiga picha kibandiko kilicho chini yake, chenye jina la waifai na nywila. Picha hiyo huenda moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ngazi haijakunjwa, watoto wako YouTube.

Kwenye ruta nyingi kibandiko hicho huwa na mstari mwingine usiomshughulisha mtu: anwani kama 192.168.1.1, pamoja na jina na nywila ya msimamizi. Huo ni ufunguo wa aina nyingine kabisa. Nywila ya waifai humwingiza mtu ndani ya nyumba; nywila ya msimamizi humkabidhi hati ya nyumba yenyewe. Aliye nayo anaweza kubadilisha kufuli, kufungua dirisha la nyuma na kuamua barua zinazotoka ziende wapi. Katika ruta nyingi za zamani nywila hiyo ni neno "admin", na haijaguswa tangu kisanduku kitoke kiwandani.

Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na mkazi wa Nakuru aliyetaka kusoma barua pepe alikwenda saiberi akalipia dakika. Usalama wa mtandao ulikuwa mzigo wa mwenye saiberi. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ni jiji, la nne nchini, na mzigo huo umehamia kwa kila mwenye duka. Duka la dawa la kawaida lina kompyuta ya mauzo, printa, kamera za CCTV, simu inayopokea ujumbe wa Lipa na M-Pesa na mfumo wa kutoa ankara za eTIMS za KRA. Vyote hivyo hupitia kisanduku kimoja kilichowekwa juu ya kabati, karibu na dari, ambako hakuna mkono unaofika ila wa kupangusa vumbi.

Wengi hujifariji kwamba duka dogo halina cha kumvutia mdukuzi. Ni kweli kwamba hakuna mtu aliyeketi ng'ambo akipanga kuivamia salon ya Pipeline. Wanaozunguka ni programu, na programu haichoki wala haibagui. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilipita intanetini ikibisha kwenye kamera na ruta, ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Ujanja wake mkubwa ulikuwa huo. Vifaa vilivyofunguka vikageuzwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likailemea kampuni ya Dyn ya Marekani hadi Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Afrika haikusalimika: Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, ilishambuliwa kwa mbinu hiyohiyo, na Mwingereza Daniel Kaye akafungwa kwao mwaka 2019 kwa kosa hilo. Wenye kamera zilizotumika hawakujua lolote. Waliona tu intaneti imekuwa nzito.

Kuna hasara iliyo karibu zaidi na mfuko. Mtu anapoandika anwani ya benki, ruta huuliza kwenye saraka ya intaneti, iitwayo DNS, anwani hiyo inaelekea kwenye seva ipi. Mwenye ufunguo wa msimamizi anaweza kuibadilisha saraka. Mwaka 2018 watafiti waligundua ruta zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa Brazili, zilizokuwa zimebadilishwa hivyo. Mteja aliandika jina la benki bila kukosea herufi, akafunguliwa ukurasa wa matapeli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika ile anwani ya kwenye kibandiko katika kivinjari, kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio na kubadilisha nywila ya msimamizi. Haigharimu senti. Nywila nzuri ni ndefu kuliko ilivyo ya kutatanisha: maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano mkokoteni, Njoro, karoti na blanketi, ni magumu kukisia kuliko jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani, na isifanane na ile ya waifai.

Kwenye ukurasa huohuo kuna mahali pa kuchagua aina ya ulinzi wa waifai. WEP, ya zamani, ilivunjwa na watafiti tangu mwaka 2001 na haifai hata kwa banda la kuku. WPA2 inatosha kwa wengi, na WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, ni bora pale ambapo simu na ruta zote zinaielewa.

Jambo linalosahaulika ni WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba ya tarakimu nane. Tarakimu nane zinasikika kama kufuli imara, kwa kuwa zinatoa michanganyiko milioni 100. Lakini Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huijibu namba hiyo nusu kwa nusu. Ukikosea tarakimu nne za mwanzo, inakwambia papo hapo. Ukipatia, unaendelea na nne za mwisho, ambazo mojawapo ni ya kuhakiki tu na hukokotolewa kutokana na zile nyingine. Basi mwizi anajaribu mara 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa ya pili. Milioni 100 zimeshuka hadi 11,000, kazi ya saa chache kwa kompyuta iliyo ndani ya gari lililoegeshwa nje. WPS ya namba izimwe.

Izimwe pia ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje, isipokuwa kwa mwenye sababu maalumu, halafu programu ya ndani ya ruta isasishwe. Wanaouza waifai ya mtaani kwa vocha wanazijua ruta za MikroTik. Mwaka 2018 zilikutwa na ufa uliowezesha mtu wa nje kusoma nywila zake. Kampuni ilitoa kiraka Aprili, ila miezi kadhaa baadaye maelfu kwa maelfu ya ruta zilizoachwa bila kusasishwa zilikuwa bado zinatekwa.

Baada ya kufuli ni vyumba. Ruta nyingi za leo zina uwezo wa kutoa mtandao wa wageni, wenye jina na nywila yake, unaofika intanetini lakini hauoni kompyuta za ndani. Kliniki ya Lanet ikiutumia, mgonjwa anayengoja foleni atatazama video zake bila simu yake kukaa chumba kimoja na kompyuta yenye majalada ya wagonjwa. Kamera na televisheni nazo zinastahili kuwekwa huko, maana ndizo zinazosahaulika kusasishwa. Vivyo hivyo kwenye ploti ambako wapangaji watatu wanachangia bili moja ya faiba. Ujirani mwema hauhitaji printa ya ofisi ionekane kwenye simu ya mpangaji wa chumba namba tano. Mfanyakazi akiondoka kazini, nywila ya mtandao wa ndani ibadilishwe siku hiyohiyo. Ile ya wageni inaweza kungoja.

Mahali pa kuweka kisanduku pana maana yake. Nyumba nyingi za Nakuru zimejengwa kwa mawe, na ukuta wa mawe hudhoofisha mawimbi, hasa ya gigahezi 5. Ruta iliyowekwa dirishani huwahudumia wapita njia vizuri kuliko chumba cha nyuma. Ikisogezwa katikati ya nyumba, wenyewe wanafaidi na barabara inakosa.

Kisha kuna stima. Mvua za Bonde la Ufa huja na radi, na ingawa nyuzi za faiba ni za kioo na hazipitishi umeme, adapta iliyochomekwa ukutani inapitisha. UPS ndogo huikinga ruta na huiweka hai stima zikipotea. Data ya biashara nayo inahitaji kinga: nakala yake ihifadhiwe kwenye diski inayochomolewa baada ya kunakili, kwa sababu wahalifu wanaofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia diski waliyoikuta imechomekwa. Hata wakubwa wamepatikana: Aprili 2023 Naivas, msururu wa supamaketi wenye asili Kaunti ya Nakuru, ilikiri kwamba wahalifu wa aina hiyo walikuwa wameingia kwenye mifumo yake na kuchukua data.

Sheria nayo iko macho. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, anayehifadhi taarifa za watu zikavuja kwa namna inayoweza kuwadhuru ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Biashara yenye mapato yasiyofika milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujisajili, lakini haikusamehewa kuzilinda taarifa hizo. Kliniki na shule hazina hata msamaha huo wa usajili.

Wakati mzuri wa kuyafanya haya ni ngazi ikiwa bado haijakunjwa, maana fundi anajua kurasa za ruta yake. Yaliyobaki ni ya jioni moja. Ukurasa wa mipangilio una orodha ya vifaa vilivyounganishwa, nayo husomwa kama mwalimu anavyoita majina: simu nne, televisheni, printa, kamera mbili, na kimoja chenye jina la herufi zisizoeleweka. Vya ndani vinazimwa kimoja kimoja hadi jina lile lipotee kwenye orodha. Aghalabu mwenye jina huwa king'amuzi cha televisheni. Lisipopotea, nywila inabadilishwa usiku huohuo, na safari hii hakuna picha inayotumwa kwenye kundi la familia.