Zahanatini, Muuguzi Ndiye Daktari

Kaunti ya Kitui, Kenya, ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Vijiji vimetawanyika, barabara nyingi ni za vumbi, na mvua ikinyesha, mto uliokuwa mchanga mtupu asubuhi hauvukiki jioni. Mkaazi wa Mutha au Tseikuru akiugua, hospitali ya Kitui mjini ni safari ndefu na nauli ya kukopa. Kilicho karibu ni zahanati, na ndani yake kuna muuguzi. Wagonjwa humwita daktari, na kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi hawakosei sana.

Zamani haikuwa hivyo. Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, dawa zilikuwa za wenye pesa. Hata zilipotolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006, kuwaanzishia wagonjwa ilikuwa zaidi kazi ya madaktari na matabibu, na wengi walingoja kipimo kionyeshe kinga imeshuka. Madaktari wenyewe walikuwa wachache.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilishauri wauguzi wapewe sehemu ya kazi hiyo. Utafiti uliofanywa katika kliniki 31 za jimbo la Free State, Afrika Kusini, na kuchapishwa 2012, ulionyesha kwamba waliotibiwa na wauguzi waliopata mafunzo hawakufa zaidi ya waliotibiwa na madaktari. Kenya nayo mwaka 2016 iliamua kila anayepatikana na virusi aanze dawa bila kungoja adhoofike. Miaka michache baadaye, watu wazima wengi walikuwa wakimeza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu.

Kidonge kikawa rahisi. Kazi haikuwa rahisi.

Muuguzi yuleyule huchanja watoto, hupima wajawazito, husafisha vidonda na kutibu malaria. Katikati ya foleni hiyo huuliza kama mgonjwa anakohoa, asije akawa na kifua kikuu. Huhesabu vidonge vilivyobaki, kisha hujaza madaftari. Damu ya kupima kiwango cha virusi husafirishwa hadi maabara kubwa, na majibu hayarudi siku hiyo. Yakiwa chini ya nakala 200 kwa mililita, dawa inafanya kazi. Yakipanda, huanza mazungumzo: je, mume anajua? Chakula kipo? Vidonge vimefichwa wapi?

Kwa mama mjamzito hesabu ni ndefu zaidi. Mtoto hupimwa akiwa na wiki sita, miezi sita na mwaka mmoja, na majibu ya mwisho husubiriwa hadi miezi 18 au zaidi, akishaacha kunyonya.

Ukaribu huu una bei yake. Muuguzi hununua kwenye soko lilelile na kusali kanisa lilelile na wagonjwa wake. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa siri ya majibu, lakini haiwezi kumficha aliyeketi kwenye benchi la siku ya dawa. Ndiyo sababu wapo wanaopita zahanati ya kwao na kupanda matatu hadi Makindu au Wote, katika kaunti jirani ya Makueni. Wanaume wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa huomba dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na miongozo inaruhusu kwa ambao hali yao imetulia.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Nchini Kenya, washauri nasaha na makarani wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walirudi nyumbani, na Wizara ya Afya ikahimiza huduma za virusi ziunganishwe na za wagonjwa wengine. Unyanyapaa wa chumba maalumu cha wenye virusi huenda ukapungua. Foleni ya muuguzi imerefuka. Tangu ugatuzi wa 2013, kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi, kwa hiyo swali la nani ataziba mapengo hayo sasa liko mbele ya mabunge ya Kitui na Makueni kila yanapopitisha bajeti.