Sisimizi, Kanga na Malango Mawili

Mzazi mmoja ameuliza: kijana wake anataka kusomea utengenezaji wa gemu za kompyuta chuo kikuu, je, huko watu husoma au hucheza? Mambo ya ada na lugha za programu nayaacha. Nitamwonyesha kazi moja ya wanafunzi.

Mwaka 2005, kundi la wanafunzi wa chuo cha DigiPen, mjini Redmond, Marekani, lilitoa gemu fupi iitwayo Narbacular Drop. Ilikuwa kielelezo, yaani gemu changa inayotengenezwa ili ijibu swali moja kwa kuchezwa. Swali lao: itakuwaje mchezaji akiweza kufungua ukutani malango mawili yaliyounganika? Shujaa wao ni binti mfalme No-Knees, asiye na magoti, kwa hiyo hawezi kuruka. Uamuzi huo naupenda mno. Angeweza kuruka, mchezaji angetafuta njia za mkato. Bila magoti, lango ndilo tegemeo lake.

Nasema lango, si tundu. Tundu lina kina, unasafiri ndani yake. Hapa hakuna kina: uso wa huku ndio uso wa kule.

Chukua kanga. Fundi cherehani aipasue mahali pawili, pindoni na katikati ya mji, kisha ashone midomo ya mpasuko mmoja na ya mwenzake. Sisimizi anayetembea pindoni akifika kwenye mshono hapunguzi mwendo wala hakati kona. Hatua inayofuata yumo mjini. Kama aliukaribia mshono kwa mshazari, anatoka kwa mshazari ule ule. Wewe unayemtazama kwa juu utaapa kwamba amegeuka. Hakugeuka. Kitambaa ndicho kilichogeuzwa, naye ameendelea na safari yake moja kwa moja.

Kompyuta hushona kwa hesabu. Hupima mahali ulipo, upande unaoelekea na kasi yako, vyote kwa kulitazama lango la kwanza badala ya chumba. Kisha namba hizo hizo huzihesabu upya kuanzia lango la pili. Mwelekeo hubadilika, kasi haiguswi. Sasa weka lango moja sakafuni na jingine ukutani, kama ilivyo katika Portal, gemu iliyozaliwa na kielelezo hiki. Hapa duniani, ukianguka mita 5 unafika chini kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Lango huipokea kasi yote na kukurusha mbele, juu ya shimo ambalo miguu yako isingelivuka kamwe. Anguko limekuwa mruko! Binti asiye na magoti amepata mrithi anayepaa.

Macho nayo hudanganywa kwa hesabu ile ile: kamera ya pili hukaa nyuma ya lango la pili, picha yake hukatwa kwa umbo la lango na kubandikwa kwenye la kwanza, upya kila fremu. Malango yakitazamana, picha huzaa picha, na mtunga programu huamua zikome wapi.

Kampuni ya Valve ilipoonyeshwa Narbacular Drop iliwaajiri wanafunzi hao, na Portal ikatoka Oktoba 2007. Baadaye kundi jingine la DigiPen likatengeneza Tag: The Power of Paint, ambamo mchezaji hupaka rangi sakafuni, rangi moja humdundisha, nyingine humwongezea mbio. Hao nao wakachukuliwa na Valve, na mwaka 2011, katika Portal 2, vielelezo viwili vya darasani vikakutana: rangi inamwagika ndani ya lango la sakafuni, inachomoka ukutani kwa kasi ile ile iliyoingia nayo, na kupaka ukingo wa mbali ambao mchezaji hakuwa na njia ya kuufikia.