Kwa Nini Ni Vigumu Kupima Nguvu ya Tufani Kabla Haijafika Pwani

Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini wingu halimwambii mtu mvua itakuwa kubwa kiasi gani. Ndivyo ilivyo kwa tufani za pwani za Amerika. Siku hizi wataalamu wa hali ya hewa waweza kusema, siku mbili tatu mbele, ni wapi tufani itapita. Kusema itafika ikiwa na nguvu kiasi gani ni kazi ngumu zaidi.

Sababu yake ni hii. Chakula cha tufani ni joto la bahari. Maji yakiwa na joto la digrii 26 za Sentigredi au zaidi, na joto hilo likienda chini sana, tufani huongezeka nguvu. Lakini pepo za juu zikivuma upande mwingine au kwa kasi nyingine kuliko zile za chini, tufani huinama na kuvunjika. Na hewa kavu ikiiingia, hudhoofika. Mambo haya yaweza kugeuka kwa saa chache. Kwa hiyo wataalamu hutazama picha za setilaiti, na eropleni huruka hadi ndani ya jicho la tufani na kuangusha vyombo vidogo vyenye miavuli, vipimavyo upepo, joto na mgandamizo wa hewa. Mgandamizo ukishuka upesi katikati, ni ishara kwamba tufani inapata nguvu.

Hata hivyo wakati mwingine hushindwa. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2023, Otis ilikuwa dhoruba ya kadiri tu kusini ya Meksiko. Usiku uliofuata ilikwisha kufika daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa, na baada ya saa sita ya usiku ikaipiga pwani karibu na Acapulco kwa upepo wa maili 160 kwa saa. Watu walikuwa na saa chache tu za kujitayarisha.

Tena ifahamike kwamba daraja hupima upepo peke yake. Mwezi wa Agosti 2005, Katrina ilishuka kutoka daraja la tano hadi la tatu kabla ya kufika nchi kavu ya Marekani. Katika jimbo la Mississippi, wengine waliookoka tufani kali ya Camille mwaka 1969 walibaki majumbani, wakidhani kwamba mahali ambapo maji hayakufika wakati ule hayatafika kamwe. Lakini Katrina ilikuwa pana sana, na bahari iliyoisukuma ilipanda karibu futi 28. Katika nchi ile walikufa zaidi ya watu elfu moja.

Basi akaaye pwani asiulize daraja tu. Na aulize pia: Maji yaweza kupanda hadi wapi, nami nitatoka kwa njia gani kabla haijafungwa? Akiamriwa kuhama, ahame mapema, hata kama upepo bado ni mdogo.