GITAA LA UMEME: SAUTI YAKE HUTOKA WAPI?

Gitaa la umeme ni ala inayosikika leo karibu kila mahali penye mkusanyiko wa watu katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera: makanisani, kwenye sherehe za arusi na redioni. Watoto wengi wa vijijini, kama wenzao wa sehemu nyingine za Afrika Mashariki, huanza kujifunza muziki kwa gitaa la galoni walilojiundia wenyewe. Lakini mtoto huyo akishakuwa kijana na kutamani gitaa la umeme, huambiwa kuwa hicho ni kitu cha kiwandani, na kwamba hana la kufanya ila kungoja fedha.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kuwa fikra hiyo haina msingi. Gitaa la umeme, likichunguzwa kwa makini, ni rahisi kuunda kuliko gitaa zuri la kawaida, mradi mwundaji aelewe sauti yake hutoka wapi.

Sanduku linalosukuma hewa

Uzi wa ala ukipigwa hutetemeka, lakini kwa kuwa uzi ni mwembamba, hewa unayoisukuma ni kidogo na sauti yake haifiki mbali. Kwa sababu hiyo wahenga walibuni njia za kuukuza mtetemo huo. Mfano mzuri ni nanga, ala ambayo Wahaya huiita enanga, na Warundi na Wanyarwanda huiita inanga. Mwili wake ni ubao uliochongwa ukawa na umbo la hori, na uzi mmoja mrefu hupitishwa juu yake mara kadhaa kutoka ncha moja hadi ya pili. Mtetemo wa uzi huingia katika ubao, ubao nao huisukuma hewa kwa eneo kubwa, na sauti ikasikika. Galoni hufanya kazi hiyo hiyo. Katika ala za namna hii ubora wa sauti hutegemea sana ubao: unene wake, ukavu wake na jinsi ulivyochongwa. Hapo ndipo ufundi wa miaka mingi unapohitajika.

Gitaa la umeme halifuati kanuni hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mwanamuziki wa Marekani, Les Paul, alifunga shingo na nyuzi za gitaa kwenye boriti ya msonobari yenye unene wa sentimita 10 hivi, isiyo na uwazi wowote ndani yake. Boriti hiyo ililia vizuri ilipounganishwa na kikuza sauti. Baadaye aliipachika mbavu za gitaa la kawaida, hasa ili watazamaji waone umbo walilolizoea.

Sumaku na waya

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kuwa uga wa sumaku ukibadilika ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Kanuni hiyo, ambayo wanafunzi wa sekondari huikariri kwa ajili ya mtihani, ndiyo inayoendesha mitambo ya Maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, ambako maji ya Mto Kagera huzalisha umeme wa megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni kanuni hiyo hiyo inayolipa gitaa la umeme sauti yake.

Chini ya nyuzi za gitaa hufungwa kifaa ambacho katika makala haya kitaitwa kinasa. Mafundi hukiita pikapu, jina lile lile la gari dogo la mizigo. Kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe na usumaku. Uzi unapotetemeka, uga wa sumaku ndani ya koili hubadilika kwa kufuata mtetemo huo, na umeme mdogo huzaliwa. Uzi wa tano, kwa mfano, hutetemeka mara 110 kwa sekunde, na umeme wake nao hupanda na kushuka mara 110 kwa sekunde. Umeme huo ni mdogo sana, yapata sehemu moja ya kumi ya volti. Kikuza sauti huukuza, na spika huugeuza kuwa sauti. Gitaa la kwanza la namna hii lililofaulu liliundwa California mwaka 1931 na George Beauchamp akishirikiana na Adolph Rickenbacker.

Kutokana na maelezo hayo, jambo moja ni dhahiri: uzi hauna budi kuwa wa chuma cha pua. Mshipi wa nailoni, ambao hulia vizuri juu ya galoni, hautatoa sauti yoyote katika kinasa, kwa sababu sumaku haiushiki. Vivyo hivyo waya wa shaba. Lakini nyuzi nyembamba zinazopatikana kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli zinafaa, maana ni za chuma cha pua.

Kuunda kinasa

Kinasa cha kiwandani huwa na koili ya mizunguko 8,000 hivi ya waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.06, uliopakwa vanishi, na ukinzani wake huwa kati ya omu 6,000 na 8,000. Waya wa namna hiyo si rahisi kuupata katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Hata hivyo upo katika takataka za mafundi redio. Adapta za zamani, zile nzito zenye transfoma ndani, zina maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kwenye upande ulioingia umeme wa nyumbani. Waya huo hufumuliwa polepole na kuzungushwa upya kwenye kigurudumu bapa cha plastiki, kwa kutumia mashine ya kutobolea ya mkono. Sumaku hupatikana katika spika iliyopasuka.

Kazi hii hutaka subira, kwa kuwa waya hukatika upesi. Baada ya kuzungusha, fundi hupima ukinzani kwa mita. Mita isiposoma kitu, waya umekatika na kazi huanza upya. Kisha kinasa huzamishwa katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, ili mizunguko ishikane. Isiposhikana, waya hutetemeka wenyewe na spika hupiga mbinja. Mwisho, kinasa huwekwa milimita 2 au 3 chini ya nyuzi. Kikisogea zaidi, sumaku huvuta nyuzi na kuziharibia sauti.

Koili moja ina kasoro: hunasa pia uga wa nyaya za umeme wa nyumbani, ambao hubadilika mara 50 kwa sekunde, na spika huvuma. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, alipata dawa yake. Aliweka koili mbili zilizozungushwa kinyume, na sumaku zake zikaelekezwa kinyume pia. Sauti za nyuzi hujumlishwa, bali mavumo hufutana.

Wako waliokwisha kufanya kazi hii bila kiwanda. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi, mwasisi wa kundi la Konono No. 1 aliyefariki mwaka 2015, aliunda vinasa vya likembe kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari makuukuu. Ndimi za likembe ni za chuma, na kwa hiyo kanuni ya Faraday ilifanya kazi sawasawa.

Shingo na vipimo

Ikiwa ubao si chanzo kikuu cha sauti, haina maana kwamba ubao wowote unafaa. Nyuzi sita zilizokazwa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Ubao mbichi au laini utapinda. Mninga, unaoota katika misitu ya miombo, ni mgumu na haubadiliki sana ukishakauka. Kukata mti kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, lakini kwa gitaa moja vipande vinavyobaki kwa seremala vinatosha.

Jambo lisilosamehe kosa ni nafasi za freti, yaani vile vyuma vinavyokatiza shingo. Kila freti hupandisha sauti kwa hatua moja, na hatua 12 huongeza idadi ya mitetemo mara mbili. Kanuni ya kuzipata ni nyepesi: urefu wa uzi uliobaki ugawanywe kwa 17.817. Tuchukue uzi wa milimita 648. Freti ya kwanza itakuwa milimita 36.4 kutoka mwanzo wa uzi. Urefu uliobaki ni 611.6, nao ukigawanywa hutoa 34.3, hapo ndipo ilipo freti ya pili, milimita 70.7 kutoka mwanzo. Hesabu iendelee hivyo hivyo. Freti ya 12 ni lazima iangukie katikati kabisa, milimita 324. Isipoangukia hapo, hesabu ina kosa. Kadiri freti zinavyokaribiana ndivyo kosa dogo linavyosikika zaidi.

Anayerekebisha gitaa bovu la kiwandani naye ana la kujifunza hapa. Mara nyingi kitasa cha kuongezea sauti kikiharibika hubadilishwa kwa kitasa cha redio chenye omu 10,000, na gitaa likawa na sauti nzito, iliyofifia. Kinasa huhitaji kitasa chenye omu 250,000 au 500,000. Chini ya hapo sauti nyembamba hupotea.

Tahadhari

Nyuzi za gitaa la umeme huunganishwa na mwili wa chuma wa kikuza sauti ili kupunguza mavumo. Maana yake ni kwamba hitilafu ndani ya kikuza sauti inaweza kufika moja kwa moja mikononi mwa mpigaji. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Uskochi, Leslie Harvey, alikufa jukwaani mjini Swansea alipogusa kipaza sauti huku ameshika gitaa lake. Kwa hiyo anayeanza na atumie kikuza sauti cha betri ya volti 9 au 12, ambayo yaweza kuchajiwa kwa nguvu ya jua. Asiunganishe gitaa na chombo chochote kinachotumia umeme wa nyumbani bila transfoma, wala asikate waya wa ardhi katika plagi. Ufundi usiozingatia jambo hili ni afadhali usifanywe.

Hitimisho

Franco Luambo wa Kongo, aliyeishi kati ya 1938 na 1989, alianza na gitaa aliloliunda mwenyewe utotoni. Huko Uingereza, mwanafunzi Brian May na baba yake walianza mwaka 1963 kuunda gitaa la umeme kwa ubao wa meko ya zamani na springi za pikipiki. Brian May alilipiga gitaa hilo duniani kote katika kundi la Queen, akimsindikiza Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Mwaka 2007 May alipata shahada ya udaktari katika elimu ya nyota.

Huko Kabanga, wilayani Ngara, mna mashapo makubwa ya nikeli pamoja na shaba na kobalti, ambayo yamechunguzwa tangu miaka ya 1970. Shaba ndiyo waya wa koili. Nikeli na kobalti ni viungo vya sumaku ya alniko inayotumika katika vinasa vingi vya kiwandani. Na nikeli ndiyo inayopakwa kwenye nyuzi nzito. Kwa maneno mengine, kijana wa Ngara anayeambiwa angoje gitaa kutoka ng'ambo anatembea juu ya madini yanayoliunda. Hawezi kuyayeyusha yeye mwenyewe, lakini sumaku ya spika iliyopasuka na waya wa adapta iliyokufa vimo mikononi mwake. Walimu wa fizikia wangefanya vema kuanza somo la Faraday kwa vitu hivyo viwili. Mwanafunzi atakayesikia kanuni hiyo ikilia katika spika hatakuwa na haja ya kuikariri.