Land Rover kuukuu: Kioo cha duka hakifai mlango wa gari

MWENYE Land Rover ya kale anayeingia Eastleigh, jijini Nairobi, hahangaiki kumpata mkata vioo. Mtaa huo umejaa majumba ya biashara, na mafundi wa kuyawekea madirisha ni wengi. Hata hivyo, urahisi huo una hatari yake, kwa kuwa kioo kinachofaa dirisha la duka hakifai kamwe mlango wa gari.

Land Rover za Series II na Series III, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985, zilitumiwa na polisi, maafisa wa utawala na wakulima kote nchini. Milango yake haina mkono wa kuzungusha ili kioo kishuke. Sehemu yake ya juu ni fremu iliyofungwa kwa nati juu ya ile ya chini, na ndani yake vioo hupishana katika mifereji myembamba iliyotandikwa kitambaa kizito cha felti.

Felti ndiyo huharibika kwanza. Hunasa vumbi, nalo vumbi likichanganyika na maji ya mvua huwa tope linaloziba vitundu vya kutolea maji chini ya mfereji. Maji yakikosa njia, chuma hushika kutu, kutu huvimba na kukibana kioo. Dereva hukisukuma kwa nguvu hadi kinapasuka. Kwa hivyo, anayebadilisha kioo bila kuutengeneza mfereji amepoteza pesa zake. Kioo kipya nacho kitakwama papo hapo.

Kazi huanza kwa kuing'oa fremu mlangoni. Skrubu zilizoganda zitiwe mafuta ya kulegeza na kuachwa usiku kucha, zisije zikakatika. Kioo cha zamani kipimwe urefu, upana na hasa unene, kwani kikizidi hata milimita moja huenda kisipite.

Baadaye kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, palipotoboka pachomelewe, vitundu vizibuliwe, kisha fremu ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Ikumbukwe pia kwamba bodi ya gari hilo ni ya aluminiamu. Aluminiamu na chuma zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe. Raba iwekwe katikati ili kuzitenganisha.

Sasa tuje kwenye kioo chenyewe. Kioo cha kawaida cha nyumba kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali, ambavyo katika ajali vinaweza kumkata abiria shingoni au usoni. Kioo cha gari ni cha aina mbili. Kuna kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla kwa hewa. Hiki huvunjika kuwa punje ndogo butu, lakini hakikatiki tena baada ya hapo. Ukigusa kwa kisu cha almasi, chote humwagika. Aina ya pili ni kioo cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati. Hiki fundi stadi aweza kukikata kwa kipimo na kulainisha kingo zake, na kikipasuka vipande hubaki vimeshikwa na utando. Mteja adai hicho, na aione kingo yake kabla ya kulipa: mstari wa utando huonekana.

Mwishowe felti mpya ibandikwe kwa gundi kidogo, isifunike vitundu. Grisi isitumiwe, maana hunasa vumbi. Nta ya mshumaa iliyosuguliwa kwenye kingo za kioo yatosha.

Kabla ya kumlipa fundi, mwaga kikombe cha maji ndani ya mfereji. Yakitiririka nje ya mlango mara moja, kazi ni njema. Yakituama, fremu ifunguliwe tena, la sivyo kutu itarejea mvua za masika zitakapoanza.