Mwenye Kitochi wa Katoro

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu pale Katoro, mkoani Geita. Ana miaka 24, na mfukoni ana kitochi: simu ya vitufe, yenye tochi, inayokaa na chaji siku nne. Simu janja aliiuza mwaka jana. Wenzake wote wana kundi la WhatsApp, na jioni vumbi likishatulia utawakuta wamekaa juu ya viroba, vichwa chini, vidole vinapandisha skrini. Yeye hunawa uso, huketi nao, husubiri mtu aseme neno. "Shikamoo mzee," humtania, ingawa wengi wamemzidi umri. Kisha hufuata lile linalomuuma: "Unaficha nini wewe?"

Nilipomuuliza kwa nini harudi mtandaoni yaishe, alinijibu: "Mjomba, kule nilikuwa nachimba tu."

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo, kwa sababu limegusa kiini cha jambo ambalo maabara zimelihangaikia kwa miongo kadhaa.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo anajua duara, yaani shimo la kuchimbia, linavyomshika mtu. Viroba vingi hupanda juu vikiwa na mawe matupu. Halafu kimoja, bila kutoa taarifa, kinalipa. Kama kila kiroba kingetoa kiasi kilekile, mtu angepiga hesabu, achoke, apumzike. Kinachomrudisha chini ni kutojua. Mwaka 1957 Wamarekani Charles Ferster na B. F. Skinner walitoa kitabu kikubwa cha majaribio yao, mengi yakiwa ya njiwa. Njiwa aliyepewa punje baada ya kudonoa kitufe mara zisizotabirika alidonoa kwa kasi bila kupumzika, na hata punje zilipokatwa aliendelea kwa muda mrefu.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya kichwa kilianza kueleweka baadaye. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli za ubongo wa kima zinazotoa kemikali iitwayo dopamini huku akiwadondoshea maji ya matunda mdomoni. Mwanzoni seli zilichangamka yalipodondoka. Kima walipozoea kwamba taa ikiwaka maji yanafuata, mchangamko ulihamia kwenye taa, na maji yenyewe hayakuzishtua tena seli zile. Taa ikiwaka na maji yasije, seli zilinyamaza. Mwaka 1997, katika jarida la Science, Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague walieleza maana yake: seli hizo hupima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Miaka 6 baadaye Schultz na wenzake wengine wakaonyesha kwamba uwezekano wa kupata ukiwa nusu kwa nusu, seli hizo huzidi kuchangamka wakati wa kusubiri kuliko pale jambo linapokuwa la hakika.

Sasa itazame simu. Mlio ndio ile taa. Kuvuta ukurasa chini ili uje mpya ni kupandisha kiroba kingine. Mara nyingi ni mawe: picha ya chakula cha mtu, ugomvi wa watu usiowajua, tangazo. Mara moja moja ni dhahabu, ujumbe wa yule uliyekuwa ukimngoja.

Lakini hiyo ni nusu tu ya hadithi, na kwangu mimi ndiyo nusu nyepesi. Mpwa wangu anasema hamu ya kuperuzi ilimwisha baada ya wiki tatu hivi. Hamu ya kuwa na wenzake haikumwisha.

Usukumani nguvu ya kutengwa inajulikana vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Kahama na Shinyanga, vijiji viliunda sungusungu, walinzi wao wenyewe. Mwanaanthropolojia Ray Abrahams, aliyewachunguza kwa karibu, aliandika kwamba miongoni mwa adhabu zao ilikuwamo ya kumtenga mkosaji, asishirikishwe katika shida wala raha. Mtu mzima mwenye mifugo na shamba alilegea kwa kukosa salamu.

Mwanasaikolojia Kipling Williams alikutana na jambo hilohilo bustanini akiwa na mbwa wake. Kisahani cha plastiki kilimwangukia, akawarudishia wawili waliokuwa wakirushiana. Wakamrushia naye, mara kadhaa, kisha wakaacha bila neno. Alishangaa jinsi alivyoumia kwa ajili ya watu asiowajua. Kutokana na hapo akabuni mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, ambamo mchezaji huachwa nje. Mwaka 2003 yeye, Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman walipima bongo za watu 13 wakiucheza. Walipobaguliwa, ilichangamka sehemu ambayo huhusika pia na uchungu wa maumivu ya mwili. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maana ya sehemu ile. Ila utafiti mwingine uliofuata ulionyesha kwamba watu waliumia hata walipoambiwa mapema kuwa wanacheza na kompyuta tupu.

Kwa hiyo anayesema "jikaze tu, achana nao" hajui anachokiagiza.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Leonardo Bursztyn wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, wa mwaka 2023. Waliwauliza wanafunzi wa vyuo zaidi ya 1,000 nchini Marekani: tukulipe kiasi gani ufunge akaunti yako kwa wiki 4, wenzako wakiendelea? Kwa wastani walitaka dola 59 kwa TikTok na dola 47 kwa Instagram. Swali likageuzwa: na kama chuo kizima kingefunga? Hapo wanafunzi walikuwa tayari kutoa pesa yao wenyewe, dola 28 kwa TikTok, 10 kwa Instagram, ili jambo hilo litokee. Yaani wengi wamo kwa sababu wengine wamo, na wengi wao wangefurahi kama wote wangetoka. Tangu niusome, wale vijana juu ya viroba nawaonea huruma, na mpwa wangu namheshimu zaidi.

Gharama ipo, nisiifiche. Mchumi Hunt Allcott na wenzake waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki 4 kuelekea uchaguzi wa Marekani wa 2018. Walirudishiwa kama saa 1 kwa siku, wakawa na furaha zaidi kidogo, kidogo kweli, lakini wakajua habari chache. Kwetu habari hizo ni kamati ya harusi, michango, mgonjwa aliyelazwa. Mwezi Machi mpwa wangu alikosa harusi ya rafiki yake kwa sababu siku ilisogezwa, na taarifa ikaishia kwenye kundi. Aliomba radhi, na akabaki na kitochi chake.

Juzi alinipigia. Mzazi wa mwenzao alikuwa amefariki usiku, na taarifa ilitumwa kundini saa 5. Mmoja wao, yule anayemtania sana, alivaa viatu akaja kumgongea mlango. Walitoka pamoja kwenda msibani, umeme ulikuwa umekatika, na njia nzima waliangaziwa na kitochi.