Cheo, Bao na Mshahara

Oktoba 2020, mjini Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1-0. Simba, yenye wachezaji wa mishahara minono, ndiyo iliyotwaa ubingwa msimu huo. Lakini siku ile fedha haikupata bao. Katika timu za majeshi mshahara wa mchezaji askari hufuata cheo: mfungaji na mkaa benchi wa cheo kimoja hulipwa sawasawa. Ndugu zetu wa Visiwani wanaujua mtindo huu kwa timu yao ya Mafunzo. Hatuubezi, kwani askari aliyeumia mguu hubaki kazini, ilhali mchezaji wa mkataba huweza kuachwa. Tunachowaomba wakuu ni posho ya ushindi, iandikwe kabla ya msimu na ilipwe kwa wakati.